Kiboko Aliyemtafuta Mwenye Mji

Haya, waliopo na waitike!
— Tupo!
Ngano iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imekuja na uongo wake mgongoni!
— Iutue hapa, tutauchambua kukicha!

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walisema na watu wakawaelewa, palikuwa na mji mdogo uitwao Kisumbi. Ulikuwa mahali inapokutana mito miwili, mmoja mwekundu kwa udongo na mwingine mweupe kwa mchanga. Na mji wenyewe ulikuwa mdogo kwelikweli. Ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuambia, “Afya!”

Mji huo ulikuwa na mitaa mitatu. Mtaa wa kwanza uliitwa Uhunzini, na watu wake walifua majembe, mashoka na visu. Mtaa wa pili uliitwa Vyunguni, na watu wake walifinyanga vyungu na mitungi. Mtaa wa tatu uliitwa Munyuni. Huko palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi, nao waliyachota, wakayachemsha, wakayachemsha, wakayachemsha, mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki chini, nyeupe kama meno ya mtoto.

Sasa tazameni walivyoishi. Mtu wa Munyuni hawezi kuchemsha chumvi bila chungu, basi huenda Vyunguni. Mtu wa Vyunguni hawezi kuchimba udongo bila jembe, basi huenda Uhunzini. Na mtu wa Uhunzini, anayetokwa jasho mbele ya tanuri kutwa nzima, mboga isiyo na chumvi haimpiti kooni, basi huenda Munyuni. Wakazunguka hivyo, wakazunguka hivyo, na hakuna aliyelala njaa.

Na siku ya soko! Siku ya soko watu wa ziwani walikuja na samaki wakavu, watu wa milimani wakaja na maharage na asali, wote wakakutana uwanjani katikati ya mitaa mitatu. Vicheko, mabishano, mbuzi waliokata kamba, wanawake wakigongagonga vyungu kusikiliza kama vina ufa. Kelele zile zilifika mpaka ng'ambo ya mto.

Katika mji huo alikuwapo mwanamke aitwaye Kalunde. Alizaliwa Vyunguni, akaolewa Uhunzini. Mama yake, Nyanzobe, ndiye aliyekuwa mkunga wa mji mzima. Mume wake aliitwa Msabila, mhunzi mwenye mikono minene kama mizizi na moyo mwepesi kama unyoya. Kuku akikurupuka kichakani, Msabila naye anakurupuka. Walikaa muda mrefu bila mtoto. Walipokata tamaa kabisa, Kalunde akapata mimba. Msabila alifurahi mpaka akafua jembe likatoka na matundu mawili.

Basi, mwaka huo mavuno yakaisha, na kama ilivyo desturi mji mzima ukachinja ng'ombe dume. Zamani nyama yote ilitumbukizwa vyunguni pamoja, kila mtu akabahatisha alichopata. Lakini mwaka huo Mzee Kasanda, mkuu wa Uhunzini, akasimama, akajifuta mdomo, akasema, “Nundu isichanganywe. Nundu ni ya mwenye mji. Na wenye mji ni sisi wahunzi. Sisi ndio tuliofika kwanza.”

Bibi Wande, mkuu wa Vyunguni, akasimama naye. “Mlifika kwanza wapi? Mliwakuta bibi zetu wanakausha vyungu!”

Mzee Mpaganya, mkuu wa Munyuni, akasimama naye. “Nyote mlitukuta sisi. Mlikuja mkinusa moshi wa chumvi yetu!”

Wakabishana mpaka nundu ikapoa. Wakatukanana mpaka nundu ikaoza. Kesho yake Uhunzini wakakata miiba, wakazungushia mtaa wao ua. Vyunguni nao wakakata miiba, wakazungushia mtaa wao ua. Munyuni nao hawakukubali kupitwa.

Ndipo mambo yakaharibika. Vyungu vya Munyuni vikapasuka kimoja kimoja, na hakuna wa kuwauzia vingine. Maji ya chumvi yakatiririka bure kwenye nyasi. Majembe ya Vyunguni yakaisha makali. Wanawake wakawa wanachimba udongo kwa vijiti. Na Uhunzini wakala mboga isiyo na chumvi, wakala, wakala, mpaka wakawa wanaangalia sahani kwa hasira. Watu wa ziwani wakaja na samaki wao, wakakuta uwanja mtupu na miiba pande zote. Wakasema, “Mji huu umeugua,” wakageuka. Nyasi zikaota uwanjani.

Na Kalunde? Tumbo lilikuwa kubwa, mama yake yuko upande wa pili wa miiba. Kila asubuhi alikwenda kwenye ua, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akaita kwa sauti ndogo, “Mama!”

“Nipo, mwanangu. Mtoto anacheza?”

“Anapiga mateke kama punda.”

“Vizuri. Usibebe mtungi. Lalia ubavu. Na miguu, imevimba?”

“Imevimba, mama. Mama, siku ikifika utapita wapi?”

Hapo Nyanzobe husema, “Nitapita.” Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua atapitaje, na Kalunde aliisikia. Kisha walinzi wa ua hupiga kelele, “Nani anasema na watu wa Vyunguni?” naye Kalunde huondoka akishika kiuno.

Siku moja, siku ambayo zamani ingekuwa ya soko, jua likiwa juu, watu wakasikia kishindo kutoka mtoni. Di! Di! Di! Ardhi ikatikisika. Vyungu vilivyobaki vikagongana. Kisha wakasikia sauti nzito kama ngoma iliyolowa, inaimba:

*Mwenye mji yuko wapi, yuko wapi?*
*Mimi wa mtoni nimekuja, nimekuja.*
*Ahadi yangu haijaoza, haijaoza.*

Akatokea kiboko. Lakini kiboko gani! Mkubwa kuliko nyumba, mgongo una makovu, ndevu za mdomoni zimekuwa nyeupe, jicho moja limefifia. Akaja mpaka katikati ya uwanja, akajibwaga chini, vumbi likapanda.

“Hodi wenyewe,” akasema kiboko.

Watu wakachungulia juu ya miiba, mitaa yote mitatu, vichwa kama maboga shambani. Hakuna aliyesema karibu.

“Namtafuta mwenye mji,” akasema kiboko. “Kuna ahadi kati yangu na yeye.”

Ahadi! Watu wakatazamana. Walidhani ahadi ni zawadi. Maana mto ni wa kiboko, na bonde lote lenye rutuba kando ya mto ni la kiboko. Mzee Kasanda akaisukuma miiba, akatoka mbio, akiburuza joho.

“Mwenye mji ni mimi! Babu yangu alifika hapa peke yake, na nyundo mkononi. Palikuwa mwamba mtupu. Akaupiga mwamba mara moja tu, ukafunguka, mji ukatoka!”

“Alaa,” akasema kiboko.

Bibi Wande naye akatoka. “Usimsikilize! Mwenye mji ni mimi! Bibi yangu alikuta hapa ni tope tupu. Akakaa chini akaufinyanga. Vilima vile unaviona? Ni alama za vidole vyake!”

“Alaa,” akasema kiboko.

Mzee Mpaganya naye akatoka. “Hao ni waongo wakubwa! Mwenye mji ni mimi! Babu yangu alitoka ziwani akiilamba ardhi, akailamba, akailamba, mpaka akafika hapa akaonja chumvi!”

Kiboko akamtazama kwa jicho lake zima. “Kutoka ziwani? Ulimi uko chini njia nzima?”

“Njia nzima!”

“Pole yake,” akasema kiboko. “Basi nimefurahi. Nilimtafuta mwenye mji mmoja, nimepata watatu. Sikilizeni. Mwenye mji aliniahidi kwamba siku zote mtu mmoja wa nyumba yake atakuja kukaa nami mtoni. Kwanza alikuja yeye mwenyewe. Alipokufa, hakuja mtu. Nikasubiri. Nikasema watakuja, wana msiba. Nikasema watakuja, wana kazi. Sasa nimezeeka, wala sisikii tena hata kelele za soko lenu. Nipeni mtu wangu akae nami.”

Jamani! Wakuu wale watatu wakaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua.

Mzee Kasanda akakohoa. “Mheshimiwa Kiboko, nikikumbuka vizuri, babu yangu alikuwa mpita njia tu. Alikuta mji umeshajengwa. Hata nyundo haikuwa yake.”

Bibi Wande akasema haraka, “Na bibi yangu alikuja kusalimia. Alikuja kusalimia tu, mvua ikamzuia.”

Mzee Mpaganya akasema, “Mimi sina hata babu.”

Kiboko akainuka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Akasema, “Kumbe mji huu hauna mwenyewe. Mahali pasipo na mwenyewe ni majani tu, na majani ndiyo chakula changu. Siku yenu ya soko ijayo nitarudi na ndugu zangu wote, tulishe hapa.” Akageuka. Di! Di! Di! Maji yakamfunika.

Mji ukashikwa na kiwewe. Viboko wote wa mto! Nyumba zitakanyagwa kama uyoga. Kila mtaa ukaanza kufunga mizigo, na kila mtaa kimyakimya, ili mtaa mwingine usijue njia wanayokimbilia.

Msabila akaingia ndani, akafunga nyundo zake kwenye mkeka. “Mke wangu, tunaondoka. Tunakimbilia milimani. Nitakubeba.”

“Utanibeba mimi, na tumbo, na nyundo zako?”

“Nitaacha nyundo.”

Kalunde akamtazama, akaona hatanii. Akamhurumia. Lakini akawaza: milimani kuna nini? Kuna baridi, kuna mawe, na hakuna mama. Usiku kucha mtoto alikuwa ameshuka chini, na kiuno kilikuwa kikimvuta. Alijua siku zimeisha. Akamwambia mume wake, “Funga mizigo, ninakuja,” akatoka mpaka kwenye ua wa miiba.

“Mama!”

“Nipo, mwanangu.”

“Niambie ukweli. Mwenye mji ni nani?”

Nyanzobe akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. “Unaniuliza mimi? Nimewapokea watoto wa mitaa yote mitatu, mwanangu. Wote walitoka wakilia vilevile. Sijaona hata mmoja aliyetoka na alama ya mtaa.”

Kalunde akasimama pale, kiganja kimeshika mti wa ua. Akajiambia: mimi nilizaliwa Vyunguni, nikaolewa Uhunzini, na tangu mimba hii iingie sikutamani kitu ila chumvi ya Munyuni. Kama mji huu hauna mwenyewe, basi ni wa nani, na mimi ninazaa wapi?

Hakumuaga mtu. Walinzi walikuwa wanafunga mizigo, naye akapenya pale Mzee Kasanda alipoisukuma miiba. Akashuka mtoni.

Si kwamba hakuogopa. Njiani alisimama mara tatu. Mara ya kwanza alisimama apumue. Mara ya pili alisimama arudi, akakumbuka milima, hakurudi. Mara ya tatu alisimama kwa sababu mto ulikuwa mbele yake, na hakukuwa na pa kwenda tena. Maji yalikuwa yametulia. Kwa mbali sauti ya kiboko ikaimba:

*Mwenye mji yuko wapi, yuko wapi?*

Kalunde akaitikia:

*Mwenye mji ndiye huyu, ndiye huyu.*
*Kaja na tumbo lake, na tumbo lake.*

Maji yakachemka. Kichwa cha kiboko kikatoka, masikio yakicheza. Akamtazama kwa jicho lake zima.

“Wewe ndiwe mwenye mji?”

“Ndimi, babu.”

“Wa mtaa upi?”

“Wa yote. Nimezaliwa kwa wafinyanzi, nimeolewa kwa wahunzi, ninakula chumvi.”

“Na babu yako aliupiga mwamba?”

“Sijui, babu. Mimi sikuwepo.”

Kiboko akatoa pumzi puani, pfuuu, matone yakamrukia Kalunde usoni. “Wewe ndiwe wa kwanza kusema hivyo. Haya, umekuja kufanya nini?”

“Nimekuja kutimiza ahadi. Lakini nina ombi. Niache nijifungue kwanza, mtoto anyonye, abaki na baba yake na bibi yake. Kisha nitakuja kukaa nawe. Sijui kuogelea, babu. Sijui nitalala wapi humo majini. Sijui nitakula nini. Lakini nitakuja, usiukanyage mji.” Na hapo machozi yakamtoka, maana alikuwa amejikaza njia nzima.

Kiboko akamtazama. Akafumba jicho, akafumbua.

“Ulale majini? Kwa nini ulale majini?”

“Si umesema nije kukaa nawe?”

“Ndiyo. Kukaa.” Kiboko akapanda ukingoni, akajibwaga kando ya jiwe pana lililokuwa limelainika juu. “Kukaa! Hapa, juu ya jiwe hili. Kukaa kitako! Tuongee! Siku ya soko anakuja mtu, anakaa, ananipa habari za mji: nani kaoa, nani kazaa, nani kamwibia nani mbuzi. Jua likipungua anarudi kwake. Mlidhani nini?”

Kalunde akajifuta machozi. “Tulidhani ni kuishi, babu. Tulidhani mtu ahamie majini.”

“Ahamie majini! Mtu! Atapumulia wapi?”

Roho ya Kalunde ikarudi mahali pake. Akakaa juu ya jiwe. Mji mzima unafunga mizigo! Mzee Mpaganya amemkana babu yake! Na kumbe mzee huyu anataka umbea! Akaanza kucheka. Kiboko naye akacheka, mto ukapiga mawimbi.

“Na ndugu zako, babu? Wale wanaokuja kulisha?”

Kiboko akaona haya kidogo. “Ndugu zangu wako mbali, bondeni huko. Tuligombana kitambo, wala wasingekuja. Nilisema kwa hasira tu.”

“Basi niambie wewe uliyekuwepo. Nani aliujenga mji?”

“Hakuna aliyekuja kujenga mji,” akasema kiboko. “Walikuja wasafiri watatu, hawajuani. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye jembe, mwingine mwanamke mwenye chungu, wa tatu kijana mwenye bonge la chumvi kwenye kitambaa. Kila mmoja alikuwa anakwenda kwake, ng'ambo. Mto ulikuwa umejaa. Wakakaa hapa kusubiri maji yapungue. Wana njaa. Mwenye jembe akachimba viazi mwitu, mwenye chungu akavipika, mwenye chumvi akavitia chumvi. Kesho yake hivyohivyo. Maji yakapungua, mjukuu wangu. Mimi mwenyewe nikawaambia, njia iko wazi, piteni. Wakatazamana. Hakuna aliyepita.”

“Na ahadi, nani aliitoa?”

“Mwenye chungu, kwa niaba ya wote. Nilimwambia, mtakaa katika malisho yangu, mimi nitapata nini? Akasema, utapata wa kukaa naye. Alikuwa anacheka sana yule. Kama wewe.”

Kalunde akataka kujibu, lakini kicheko kikamkatika. Akashika tumbo. Akashika jiwe. Kisha akashika kilichokuwa karibu zaidi, nacho kilikuwa sikio la kiboko.

“Una nini?” akasema kiboko.

“Mtoto!”

“Yuko wapi?”

“Anakuja!”

“Anakujia wapi?”

“Babu, ita watu!”

Mnyama yule aliyeutisha mji mzima akashikwa na hofu ambayo hajapata kushikwa nayo maisha yake yote. Akafumbua mdomo wake wote akanguruma. Akanguruma mara ya kwanza, ndege wakaruka. Akanguruma mara ya pili, matete yakalala. Akanguruma mara ya tatu, na mjini kila mtu akadondosha mzigo.

“Kiboko huyo!”

“Anamla mtu!”

“Kalunde yuko wapi? Nani kamwona Kalunde?”

Msabila akatoka nje, mkeka wa nyundo begani, akasikia jina la mkewe. Yule Msabila anayekimbia kuku! Akachomoa nyundo kubwa, akakimbia, na ua wa miiba ulipomzuia hakutafuta mlango. Akaupasua. Wahunzi wakamfuata. Upande wa Vyunguni, Nyanzobe alikuwa ameshaanza kuibomoa miiba kwa mikono mitupu, damu inamtoka, na wanawake wakaona aibu kumtazama, wakachukua michi wakabomoa naye. Munyuni wakaja na miko mirefu ya kukorogea chumvi. Wakakutana uwanjani wote, wakitazamana baada ya muda mrefu. Hakuna aliyeuliza wewe ni wa mtaa gani. Wakateremka mtoni kwa pamoja, wakipiga kelele ili kujipa moyo.

Wakamkuta Kalunde amelalia ubavu wa kiboko, macho ameyafumba, jasho linamtiririka.

Msabila akainua nyundo. “Mwachie mke wangu!”

“Nimwachie?” akasema kiboko, machozi yanamlengalenga. “Mwambie yeye aniachie sikio langu!”

Nyanzobe akapenya katikati ya watu, akapiga magoti, akamtazama mwanawe mara moja tu, akajua. “Wanaume nyuma! Wahunzi, moto! Vyunguni, chungu kizima, kisicho na ufa! Munyuni, chumvi, kiganja kimoja tu, nimwoshee! Na wewe, babu, geuza uso huko!”

“Siwezi kugeuka, ameshika sikio.”

“Basi fumba macho!”

Kiboko akafumba macho, hata lile lililofifia.

Kuni hazikuwapo karibu, basi watu wakarudi mbio wakakokota miiba ya ua, wakawasha. Miiba mikavu ile iliwaka kama imetiwa mafuta. Mzee Kasanda mwenyewe akapuliza moto mpaka mashavu yakamwuma. Bibi Wande akashikilia chungu. Mzee Mpaganya akaja na chumvi kiganjani, akiibeba kwa makini, hata punje isimdondoke. Wakangoja. Msabila alikaa chini, akasimama, akakaa. Mto ukapita. Wakangoja.

Kisha wakasikia: nga! Nga! Nga!

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, sijui niwasimulieje. Watu wa milimani walivisikia wakafikiri Kisumbi umetekwa. Msabila akalia waziwazi mbele za watu, na hakuna aliyemcheka, maana Mzee Kasanda naye alikuwa analia, anasingizia moshi. Nyanzobe akamfunga mtoto katika khanga yake, akampa Kalunde. Mtoto wa kike, mweusi tii, ngumi amezikunja.

Kalunde akaliachia sikio. “Babu, fumbua macho. Habari ya kwanza ya mji ni hii: nimezaa.”

Kiboko akafumbua macho, akamnusa mtoto taratibu kwa ile pua yake kubwa. Halafu akasema, “Hii ni habari. Tena hii ni habari nzuri.”

Hapo ndipo Kalunde, amechoka na anatabasamu, akawaeleza watu maana ya kukaa. Kwanza hawakuamini. Kisha mmoja akacheka, wa pili akacheka, na kicheko kikapita katika mitaa yote mitatu kama maji yaliyofunguliwa. Walikuwa wamebeba hofu nzito hata wakasahau kwamba wameibeba. Sasa imewatoka, mabega yakawa mepesi. Jioni hiyo hakuna aliyerudi kufunga mizigo. Walirudi kuifungua.

Siku ya soko iliyofuata uwanja ulikuwa umepaliliwa. Munyuni wakanunua vyungu, Vyunguni wakanunua majembe, Uhunzini wakala mboga wakiwa wamefumba macho kwa utamu. Baada ya muda kidogo watu wa ziwani nao wakapata habari wakarudi na samaki wao. Na tangu hapo, kila siku ya soko, mtu mmoja wa Kisumbi hushuka mtoni akakaa juu ya jiwe. Leo mhunzi, kesho mfinyanzi, keshokutwa mchemsha chumvi. Ikawa watu wanagombea zamu, maana kiboko alikuwa msikilizaji hodari, tena hamsimulii mtu mwingine.

Haya basi, mafundisho yake ni haya, wanangu. Mji si wa yule anayejisifu kwamba alifika kwanza. Ni wa yule anayeitika mji unapoitwa. Na mtu akikutisha, kabla hujafunga mizigo, muulize kwanza anataka nini hasa.

Ngano yangu imefika, nimeitua, mgongo wangu umepumzika. Anayeipenda na aibebe, asiyeipenda anirudishie, nina mahali pa kuiuza. Na kama yupo humu anayesema mambo hayakwenda hivyo, mto si mbali. Aende akamuulize kiboko mwenyewe. Mimi nitamngojea hapahapa, karibu na sufuria.